Nyekundu ya Bwana Mdogo

Mume wangu Nderitu alifukuzwa kazi kwa sababu ya polishi ya sakafu. Watu wakiniuliza kwa nini alirudishwa rizavu, kule walikotengewa Wakikuyu, mwaka ule wa hamsini na saba, wanangoja niwaambie habari za msitu na kiapo, na nikiwaambia polishi ya sakafu wananitazama kama nimerukwa na akili. Basi nitaeleza, na asiyeamini shauri yake.

Shamba lilikuwa upande wa Rongai, ngano na ng'ombe wa maziwa, mali ya mzungu tuliyemwita Kipara kwa sababu iliyoonekana kila alipovua kofia. Mbele yake tulisema Bwana. Nderitu alikuwa boi wa nyumba, mimi Wamuyu nilikuwa dobi. Sisi Wakikuyu tulikuwa tumefagiwa kutoka mashambani Hali ya Hatari ilipoanza, na sasa tulikuwa tunarudishwa kwa kuchujwa, mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake, ile karatasi ya utambulisho na kazi, mfukoni. Kipande kisicho na sahihi ya mwajiri hakikuwa na kazi zaidi ya kufungia sukari. Aliyefukuzwa alipandishwa lori siku hiyo hiyo. Rizavu ya Nderitu ilikuwa Nyeri, na huko Nyeri kishamba cha baba yake kilikuwa kimekwisha kuandikiwa binamu yake homgadi, askari wa kijiji wa serikali. Kwa hiyo mtu akimfukuza Nderitu Rongai alikuwa anamfukuza duniani.

Veranda ya Kipara ilikuwa ya saruji, nayo ilipakwa polishi nyekundu ya mkebe. Nderitu aliipaka akiwa amepiga magoti, kisha akajifunga vipande vya blanketi miguuni akaisugua kwa kutembea huku na huko, mpaka ikang'aa na wageni wakaogopa kuikanyaga. Magoti ya suruali yake yalikuwa mekundu siku zote, hata mimi dobi nilishindwa kuyatakasa. Polishi ile ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Mguu wa kiti ukikwaruzika, polishi. Kiatu cha kahawia kikipauka, polishi. Jogoo wa memsabu, mke wa Kipara, aliponyonyoka manyoya nilimwambia ampake polishi, akautazama mkebe akiwaza. Nilimpenda, lakini akili yake ilikuwa na mlango mmoja tu.

Mwaka huo mtoto wa Kipara, tuliyemwita Bwana Mdogo ingawa alikuwa na ndevu, alirudi kutoka Uingereza na gitaa la stima. Magitaa tuliyoyajua yalikuwa na tumbo na tundu. Hili lilikuwa bapa, zito kama mlango, jekundu kama kahawa iliyoiva vizuri, na waya wake ulichomekwa kwenye sanduku lililotoa sauti. Injini ya stima iliwashwa mapema ili apate kulipiga, na wakamaji walilalamika kwamba ng'ombe wanabana maziwa. Alilipigia verandani, amesimama miguu panapana, gitaa limening'inia chini kiunoni, juu ya mshipi wa ngozi. Huo mshipi ulikuwa na bizimu, ile shaba ya kufungia, kubwa kama kisosi na imechongwa kichwa cha fahali. Nataka mwukumbuke huo mshipi.

Siku moja Nderitu, katika kupangusa vumbi, aliliona gitaa lina kidonda mgongoni, karibu na ukingo. Rangi ilikuwa imebanduka kiasi cha ukucha wa kidole gumba, mti mweupe unaonekana. Akaogopa. Alijua kwamba kitu kikiharibika katika nyumba ile kimeharibiwa na boi, hata kama ni mvua iliyonyesha. Akafanya alichokijua. Akachota polishi ya sakafu kwa kidole, akaijaza mle ndani, akasugua kwa shashi. Jioni aliniambia akitabasamu.

"Haionekani hata kidogo."

"Nderitu," nikamwambia, "umeliwekea sahihi yako."

Hakunielewa. Ilipita kama wiki, ndipo Bwana Mdogo akaona suruali yake nyeupe ya tenisi imepakaa wekundu tumboni. Akalipindua gitaa, akapitisha ukucha, polishi ikatoka kama siagi. Sikuwa na haja ya kuwapo ili nijue alimwita nani. Kesho yake wakalipeleka gitaa mjini Nakuru kwa fundi, kwenye lori la maziwa linaloendeshwa na Kipsang, Bwana Mdogo amekaa mbele, Nderitu nyuma na makopo, amelipakata sanduku la gitaa asije akavunja mara ya pili kitu ambacho hakukivunja mara ya kwanza.

Fundi alikuwa Khisa, mtu wa Bungoma, aliyekuwa na kibanda chake uani nyuma ya duka la fanicha la Mhindi. Kazi yake ilikuwa kupiga polishi na vanishi, na ndiye aliyeifanyia kazi piano ya memsabu. Shati lake halikosi kupigwa pasi, kalamu sikioni, na kujisikia kwingi. Ungeweza kuchokonoa meno ukijitazama kwenye meza aliyoimaliza Khisa, siwezi kumnyima hilo. Lakini hakuweza kufanya jambo la maana bila watu kumwangalia.

Haya yaliyotokea nimeyapata kwa Nderitu, na Kipsang aliyekuwa mlangoni aliyathibitisha. Khisa aliloweka pamba kwa spiriti, akagusa mahali pa siri chini ya kibati kilichofunika nyaya za gitaa. Rangi haikulainika. "Si lakiri, ile inalainika kwa spiriti," akatangaza. Akachukua pamba nyingine na thina kidogo, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akagusa tena. Pamba ikanata, ikatoka nyekundu. "Ni rangi ya kupuliza, kama ya motokaa. Hii inajazwa tone kwa tone." Akasema kwa sauti ya mhubiri. Kisha akatia petroli kwenye kitambaa, akafuta ndani ya kidonda, akakinusa kitambaa kwa muda mrefu huku amefumba macho.

"Hapa kuna mtu ametia polishi ya sakafu," akasema. "Rangi haiwezi kushika juu ya nta, Bwana. Ingefanya macho macho kama mchuzi wenye mafuta."

Hakuna aliyemwuliza. Angeweza kuifuta ile nta, akanyamaza, akaendelea na kazi yake. Lakini alikuwa ameitambua kwa pua, na pua kama ile haiwezi kukosa kusifiwa. Bwana Mdogo akaangalia magoti mekundu ya Nderitu, akampiga kofi hapo hapo uani, sanduku tupu bado liko mikononi mwake.

Kipara yeye alijivunia haki. Alituambia mara nyingi kwamba majirani zake wanafukuza watu ovyo, yeye hapana. Jioni ile alimsimamisha Nderitu mbele ya veranda, akatuita na sisi wengine tusikie. Alisema Kiswahili chake cha kizungu, ambacho sisi tulikizoea na tulikiigiza jikoni.

"Mimi hapana fukuza mtu bure. Wewe nasema hapana vunja. Sawa. Jumamosi fundi naleta gitaa. Fundi nasema namna gani hii kitu navunjika. Kama si wewe, nakaa. Kama ni wewe, lori."

Kwa hiyo maisha yetu yalikuwa kwenye mdomo wa Khisa, na mdomo wa Khisa tulikuwa tumekwisha kuujua.

Nguo za Bwana Mdogo zililetwa kwangu kama kawaida, na kama kawaida alikuwa ameacha mshipi ndani ya suruali. Niliuchomoa. Nyuma ya bizimu, pale kwenye pembe za yule fahali, palikuwa na kitu chekundu kimenasa. Nikakitoa kwa pini. Kilikuwa ganda la rangi, jembamba kama ngozi ya kitunguu. Nikaangalia tena, nikapata jingine. Nikapekua mikunjo ya kiuno ya suruali zote zilizokuwa kapuni, kisha nikaenda na ufagio mdogo pale verandani anaposimama kupigia, nikakwangua ufa ulio kati ya sakafu na ukuta ambao blanketi za Nderitu hazikuufikia. Nilipata vigamba vingi. Kimoja kilikuwa kikubwa, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na upande wa chini kilikuwa kimeng'oka na nyuzi za mti. Nikavitia vyote katika kibiriti kitupu.

Sasa nilijua nani alilivunja gitaa. Kila alipojitikisa mbele ya ng'ombe wetu, fahali wa shaba alikuwa anakula rangi kwa nyuma. Lakini kujua si kitu. Ningemwambia nani? Dobi wa Kikuyu, mwaka ule, kwenda mbele ya mzungu kumwambia mtoto wako ndiye? Nderitu alinishika mikono akaniomba nisithubutu. Kipara alikuwa amemtaja fundi, basi lazima neno litoke kwa fundi.

Kwenda mjini kulihitaji chiti, karatasi ya ruhusa, kutoka kwa memsabu. Nilimwambia jino linaniua. Akanitazama kwa yale macho yake ya maji.

"Jino gani?"

Nikaonyesha la kushoto, karibu na chonge.

"Kwenda hospitali, natoa. Kurudi, mimi naona shimo. Kama hapana shimo, wewe naongopa."

Lilikuwa jino zima. Hospitalini mganga msaidizi aliligonga kwa chuma, akaniambia mama, hili halina neno. Nikamwambia ang'oe. Akagonga la jirani, akauliza kama si hilo. Nikamwambia ang'oe lile la kwanza, na haraka, kwa maana lori la Kipsang halikuwa la kungoja. Liligoma. Lilikuwa na mizizi ya jino la mtu mwenye afya njema, na alinipanda kwa goti kifuani ili kulipata. Nilitoka pale na pamba mdomoni, nikaenda kwa Khisa nikitema damu njiani kama mgonjwa wa kifua, watu wakinipisha.

Alikuwa amelilaza gitaa juu ya blanketi, kifudifudi. Ukutani nyuma yake alikuwa amepanga vipande vya mbao vilivyopakwa nyekundu za kila namna, moja ya tofali, moja ya nyama, moja ya midomo ya malaya wa stesheni, na kila kimoja kina alama ya mkato wa kalamu. Aliona ninavitazama.

"Hakuna hata moja," akasema kwa chuki. "Hiyo nyekundu wameitoa wapi, sijui. Nimechanganya mpaka nimechoka. Wewe ni nani?"

Nikamwambia. Nikamfungulia kibiriti. Khisa akakiinamia. Akakichukua kile kigamba kikubwa kwa ncha ya kisu, akakipeleka kwenye kidonda, akakizungusha kidogo, na kikaingia. Kilikaa pale kama hakikuwahi kutoka. Akashusha pumzi.

"Ni chuma," akasema, safari hii polepole, bila kuhubiri. "Ona mama, kingo zimegongwa mara nyingi, si mara moja. Kitu kikianguka kinapasuka, hakitafunwi hivi. Na chini ya ile nta kulikuwa na uchafu wa jasho. Nilipofuta niliuona. Kidonda kilikuwa kikuukuu kabla ya mumeo kutia polishi."

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Na hukusema."

"Sikuulizwa."

Nilitaka kumtemea damu usoni. Badala yake nikamwita fundi, kwa adabu, nikamweleza habari ya Jumamosi, habari ya lori, habari ya Nyeri na binamu, na ya binti yetu Wangare ambaye alikuwa bado hajaota meno yote. Alisikiliza, lakini macho yake hayakutoka kwenye kibiriti. Nilidhani ni huruma inamfanya aone haya kunitazama.

"Nitasema," akaniambia. "Haki ya Mungu nitasema. Niachie hivi vitu nimwonyeshe Bwana, maana neno tupu hatalikubali."

Nikamwachia. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa na damu tele mdomoni na lori linapiga honi.

Niliporudi memsabu alinisimamisha penye mwanga wa dirisha. "Fungua," akasema, akaingiza kidole chake, akahakikisha.

Jumamosi Khisa alikuja na shati jipya. Walikuwa wametoa viti verandani, Kipara na memsabu na Bwana Mdogo, na sisi tulisimama chini kwenye majani, Nderitu mbele, ameosha uso mpaka unawaka. Khisa akafungua sanduku, akatoa gitaa, akaligeuza mgongo na kulielekeza kwenye jua.

Hapakuwa na kidonda. Sisemi kilikuwa kimefunikwa vizuri. Hakikuwapo. Bwana Mdogo alipitisha kidole, akapitisha ukucha, akalisogeza puani akalitazama kwa pembeni kama mtu anayekagua bunduki. Akaanza kucheka kwa furaha.

"Fundi, namna gani napata hii rangi? Nairobi hapana weza."

Nilimwona Khisa akivimba. Nilimwona, na nikaelewa kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amevitia vile vigamba kwenye thina, vikayeyuka, vikarudi kuwa rangi, ile ile, kwa sababu vilikuwa ile ile. Nyekundu iliyomshinda nilimletea mimi kwenye kibiriti. Aliidondosha tone kwa tone kwa unyoya wa kuku, akaikata kwa wembe ilipokauka, akaisugua kwa ule unga mweupe wa mawe ya Kariandusi anaopenda kumalizia kazi. Ushahidi wa mume wangu ulikuwa ndani ya gitaa, unang'aa.

"Ni kuchanganya, Bwana," akasema Khisa. "Ni mkono wa fundi. Siwezi kueleza."

Na baada ya kusema hivyo asingeweza kusema lingine, sivyo? Akitaja vigamba, mkono wa fundi unakuwa mkono wa dobi.

Kipara akauliza swali lake la haki. "Fundi, namna gani hii kitu navunjika?"

"Mimi najua mambo ya rangi tu, Bwana. Mambo ya nyumba yenu siyajui."

"Mwulize kibiriti," nikasema. Sauti yangu ilitoka na upepo kwa lile shimo jipya. Watu wote wakageuka. "Nilimpa kibiriti. Kina rangi iliyotoka kwenye mshipi. Aonyeshe."

Khisa alinitazama kwa mshangao mzuri, wa mtu aliyesingiziwa kanisani.

"Kibiriti kipi, mama? Mimi sivuti sigara."

Kuna waliocheka. Kipara hakucheka. Alichukua gitaa kwa mtoto wake, akanishushia mimi pale kwenye majani, kwa sababu yeye ni mtu wa haki. "Sawa. Wewe onyesha. Wapi mshipi nagonga?"

Nililishika. Lilikuwa zito na baridi. Nilijua ni mgongoni, nilijua ni karibu na ukingo, nilikuwa nimekiona kidonda kwa macho yangu kibandani. Nikapitisha vidole, navyo vilikuwa vidole vya sabuni na magadi, vinahisi maji ya moto tu. Nikatafuta. Nyekundu ilikuwa moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ndani yake niliona uso wangu ukitafuta. Mwishowe nikaweka kidole mahali.

"Hapana," akasema Bwana Mdogo kwa upole kabisa. "Ilikuwa huku."

Nderitu alipandishwa lori kabla ya chakula cha mchana. Memsabu aliniambia mimi naweza kubaki nikitaka, kwa sababu hakuna mwingine awezaye kupiga pasi sketi zake za marinda. Nilitaka kukataa. Nderitu mwenyewe, juu ya lori, ndiye aliyenikataza. "Kaa, Wangare ale," akasema. Kipsang aliliondoa lile lori polepole kuliko kawaida, na hiyo ndiyo heshima pekee mume wangu aliyopata siku ile. Huko Nyeri alilala kwenye ghala la binamu yake, pamoja na viazi, akawa anavunja kokoto za barabara. Alikohoa mwezi wa kwanza. Habari zilizofuata zilikuwa za kukohoa pia.

Mshipi haukufukuzwa. Gitaa likaendelea kupigwa, ng'ombe wakaendelea kubana maziwa, na mimi nikaendelea kuchomoa vigamba kwenye pembe za fahali. Nilitafuta kibiriti kingine. Boi mpya aliitwa Kimaiyo, mtu mzima mtaratibu, nikamwambia siku ya kwanza: ukiona kidonda kwenye lile gitaa, usiguse, pita kama kipofu. Akashika neno langu. Kwa hiyo kidonda cha pili kilipoonekana, kikubwa kuliko cha kwanza na karibu na pale pale, hakikuwa na sahihi ya mtu mweusi yeyote ndani yake. Bwana Mdogo alilaani kwa Kiingereza, akasema fundi aitwe.

Khisa aliletwa shambani akiwa na chupa zake zote, kwa maana sasa alikuwa fundi maarufu, mabwana wa klabu walikuwa wanamgombania. Alikaa stoo kutwa nzima akichanganya. Nilimsikia akitukana chupa. Jioni, jua likiwa bado juu ya migunga, alikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa napiga pasi. Alisimama mbali kidogo.

"Mama, habari za siku nyingi."

Niliendelea na pasi.

"Mama, hukuokota vingine?"

Nikatoa kibiriti kwenye mfuko wa aproni, nikakitikisa, vikalia. Nikakirudisha. Uso wake ulilainika kama rangi iliyoguswa na thina.

"Nenda kwanza ukaseme," nikamwambia. "Kwa Kipara, kwa mdomo wako, mbele ya watu. Sema uliuona uchafu chini ya nta. Sema ni mshipi. Sema rangi ya kwanza uliipata wapi. Nderitu akirudishwa, chukua vyote, na vya mwaka ujao."

"Na nisiposema?"

"Changanya."

Aliutazama mfuko wa aproni yangu. Kisha akavua kofia, akazunguka nyumba mpaka verandani walipokuwa wanakunywa chai, nami nikamfuata mpaka pembeni, pasi mkononi, nisikie. Nakiri alisema. Alisema yote, kofia kifuani, ile sauti ya mhubiri haipo, na kila neno lilimtoka kama jino lenye mizizi. Kimaiyo aliyekuwa anapanga vikombe alisimama akasikiliza. Bwana Mdogo akawa mwekundu shingoni. Kipara alimaliza chai yake.

"Mimi najua," akasema.

Khisa akaishusha kofia.

"Mimi iko macho. Ile mshipi mimi nanunua. Siku ya kwanza mimi najua." Akaweka kikombe. "Lakini boi naficha na polishi. Leo naficha na polishi, kesho naficha kisu chini ya mto. Boi ya namna hii mimi hapana taka. Sasa wewe tengeneza gitaa."

Hivyo ndivyo haki ilivyokuwa. Alikuwa ameniacha nikitafute kile kidonda kwa vidole mbele ya watu, na huku anajua ni wapi, na ni nani.

Nilirudi kwenye meza yangu. Khisa akanifuata akikimbia kidogo, kofia bado mkononi, jasho kwenye lile shati.

"Nimesema, mama. Umesikia nimesema. Hajamrudisha mumeo, lakini mimi nimetimiza." Akanyoosha kiganja. "Wananingoja."

Pasi yangu ilikuwa ya makaa. Nikafungua kifuniko, makaa yakiwa yameiva, nikatoa kibiriti, nikamimina vigamba vyote ndani. Rangi ile ya kupuliza inapenda moto kuliko petroli. Iliruka juu, ndimi nyekundu na njano, ikaunguza ncha za nyusi zangu, ikaisha. Ilibaki harufu kali iliyokaa puani kwangu usiku kucha. Khisa alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeguswa mahali penye jipu.

"Kile kibiriti," akasema. "Mama, kile kibiriti."

"Kibiriti kipi, fundi?" nikamwuliza. "Mimi sivuti sigara."

Nikafunga kifuniko, nikapuliza majivu, nikageuza kola ya shati la Bwana Mdogo na kuendelea na kazi.